Tezi ya Shingo Haikuwa na Kosa

Aziza binti yangu,

Assalamu alaikum. Uko chumba cha mbele na shangazi zako, nawasikia mnacheka, na mimi nimekaa uani kwenye kigoda nakuandikia kama mtu ambaye amekwisha kuondoka. Tumetoka kuswali alasiri sasa hivi. Nimemwambia mdogo wako Yusufu asiruhusu mtu kuja huku mpaka nimalize.

Mambo ya jikoni sitayaandika. Unapika kuliko mimi, na mama mkwe wako wa Ujiji atakuonyesha mengine utake usitake. Namna ya kukaa na mume, shangazi zako wamekufundisha wiki nzima, mengine ya kweli na mengine ya kuchekesha. Mimi nina jambo moja tu, na ni refu.

Ijumaa, baada ya kufungishwa ndoa, walipokuambia useme neno mbele ya watu, ulisema, "Baba ndiye aliyenilea. Baba hakunitupa." Watu wakasema mashallah. Baba yako akainamisha kichwa, na kila mtu akadhani ni furaha. Mimi nilikuwa katikati ya wanawake, mkono ndani ya sinia la pilau, nikashindwa kuuinua. Sisemi kwamba ulikosea. Ulisema ulichokiona kwa macho yako. Lakini ulichokiona ni nusu, na nusu nyingine nimekuficha kwa miaka minne kwa sababu niliahidi kunyamaza. Leo ahadi hiyo naivunja. Sivunji kwa siri. Baba yako nilimwambia asubuhi.

Turudi siku aliyozaliwa Yusufu. Ulikuwa na miaka minane. Mji ulikuwa umefungwa, zile siku tulizoita ville morte, vijana wamepanga mawe na matairi njiani, na mwenye kutoa gari anatupiwa grenedi. Wiki ile ile dereva wa mtaa wetu alikuwa ameuawa hivyo, na tulikuwa tumemzika. Uchungu ulinianza alfajiri. Mama Zaituni, mkunga wetu wa Buyenzi, alikuja kwa kupita nyuma ya nyumba za watu. Kabla ya adhuhuri Yusufu alikuwa ametoka, mzima, analia vizuri. Kisha damu ikaanza, na haikusimama.

Mama Zaituni alitoka kumwambia baba yako. Pazia tu lilitutenganisha, nilisikia kila neno.

"Ramadhani, huyu apelekwe hospitali sasa hivi. Mi nimeshindwa."

"Njia zimefungwa, mama."

"Naona zimefungwa. Lakini we uko na gari pale garaji."

"Ile gari ni ya mutu. Na haina mafuta."

Kwa gari hospitali ilikuwa dakika kumi. Nililala pale tangu adhuhuri mpaka jua linakaribia kuzama, baridi ikipanda kutoka kwenye vidole vya miguu, na masikio yakaanza kuziba. Nakukumbuka wewe. Ulikuwa na beseni la bluu. Ulikuwa unatoka nalo, unamwaga, unarudi nalo, na hukulia hata mara moja. Jioni vijana walipoondoa mawe, majirani wawili walininyanyua kwenye mkokoteni wa kubebea maji, baba yako ameshika kichwa changu kisigonge. Waliniongeza damu chupa mbili. Baada ya siku sita nikarudi nyumbani, na tukasema nimepona. Tulisema hivyo kwa nia njema.

Maziwa hayakuja. Wewe nilikunyonyesha miaka miwili na maziwa yalikuwa yanamwagika kwenye nguo, lakini kwa Yusufu halikutoka hata tone. Nilikunywa uji wa uwele, nikala karanga, nikafungwa majani ya moto kifuani. Hakuna. Ukawa wewe unamlisha mdogo wako maziwa ya mbuzi kwa kijiko, umemlaza kwenye mapaja yako madogo, unampulizia kabla ya kumpa. Watu wakisema Yusufu amelelewa bila mama, usiwakatalie. Ila waambie alilelewa na nani.

Siku zangu za mwezi nazo hazikurudi tena. Nywele za mwilini zikapukutika, nyusi zikabaki alama tu. Uso ukavimba, sauti ikawa nzito kama ya mwanaume mwenye mafua. Katika mji huu ambao watu wanalala milango wazi kwa joto, mimi nilikuwa navaa sweta mbili na soksi. Nilikuwa nikianza kufagia uwanja nasahau nimeanzia wapi, nakaa chini, nalala palepale na fagio mkononi. Bibi yako, Mungu amrehemu, alisema mbele ya wageni, "Hadija amezaa mutoto na uvivu siku moja." Watu walicheka na mimi nikacheka nao, kwa sababu hata kukasirika kunahitaji nguvu.

Yusufu alipofika miaka miwili, baba yako alinipeleka kwa daktari. Alinipeleka mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu, na hilo nataka ulijue pia. Daktari alikuwa mzee wa Kizungu katika dispansari ndogo, hajui Kiswahili wala Kirundi cha maana. Unajua mimi shule yangu ni madrasa na Kiswahili cha barua alichonifundisha mama yangu wa Ujiji. Kifaransa sina. Baba yako anacho, alikipata kwa Wagiriki na Wabelgiji waliokuwa wanaleta magari yao. Basi nikakaa kwenye kiti katikati yao. Daktari akanikamua matiti kwa vidole, akanitazama kwapani, akanigonga goti kwa kinyundo, akauliza maswali mengi, na baba yako akajibu. Walinizungumza mimi kwa nusu saa na mimi nikiwa pale. Kuna neno moja mzee yule alilirudia mara nyingi, akigusa paji la uso wake: ipofizi, ipofizi. Akaandika karatasi ndefu, akaikunja, akampa baba yako.

Tulipotoka nikamwuliza, "Amesema nini?"

"Amesema huna kitu. Ni mawazo ya vita."

"Na ipofizi ni nini?"

"Ndiyo hayo mawazo. Ni Kifaransa cha mawazo."

"Na karatasi?"

"Ya dawa ya usingizi. Na sasa na hii embargo, nchi imefungiwa bidhaa, haipatikani."

Nilimwamini, Aziza. Kwa nini nisimwamini? Alikuwa ameshika mkono wangu tukivuka barabara.

Baada ya miezi michache wifi yangu alimleta yule mtu wa kusoma nyota, aliyejiita shehe na hakuwa shehe. Alikaa sebuleni, akauliza majina yetu na siku tulizozaliwa, akaandika herufi kwenye sahani kwa zafarani. Akasema maziwa yangu na damu yangu vimechukuliwa na mtu wa humu ndani mwenye nyota nzito, aliyeshika damu yangu siku ya uzazi. Ulikuwa umekaa mlangoni unamchambulia Yusufu mchele. Wote tulikutazama wewe na mikono yako, kwa sababu ya lile beseni.

Nikamwangalia baba yako. Nilitaka aseme huo ni ujinga. Yeye ndiye mtu wa vyuma na injini, siku zote alikuwa anacheka waganga. Alitazama chini. Kisha akasema, "Labda mutoto akakae kidogo kwa shangazi kule Gatumba. Mpaka mama apate nguvu."

Na karatasi ya daktari, wakati anasema hayo, ilikuwa garajini, ndani ya kitabu cha gari, imekunjwa vilevile alivyopewa.

Hapo kosa la kwanza lilikuwa lake. La pili ni langu, na langu sitalificha nyuma ya ugonjwa. Ni kweli kichwa changu kilikuwa kama kimejaa pamba. Lakini nilikuwa bado naweza kusema apana. Ulikuwa na miaka kumi. Ulikuja kuniuliza, "Mama, nimefanya nini?" Nilikujibu, "Nenda tu." Maneno mawili. Nimetafuta tangu siku ile kama niliongeza neno la tatu, sikumbuki.

Gatumba ulikaa miaka mitano. Najua sasa maisha yako ya kule: kubeba vibunda vya watu mpakani, kuvushia shangazi yako sabuni na chumvi, shule kuiacha darasa la tano, kukimbia na kulala kwenye majani risasi zikianza. Baba yako alikuwa anakuja kila Ijumaa na mkate na sukari. Mimi sikuja hata mara moja. Wewe uliona baba anayepita kwenye vizuizi vya askari kuja kukuona, na mama asiyekuja. Mtoto gani angehesabu tofauti?

Sikukuu moja uliruhusiwa kuja kutusalimia. Uliniletea ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, umezikausha mwenyewe ufukweni Kajaga, umezifunga kwenye gazeti na uzi. Ulinipa kwa mikono miwili ukipiga goti. Mimi nikarudisha mikono yangu nyuma, nikamwambia wifi yangu, "Pokea wewe." Nilikuwa naogopa kula cha mkononi mwako. Uliona. Uso wako haukubadilika, kama siku ile ya beseni, na jioni ukarudi Gatumba. Ndagala zile alizila paka. Sijawahi kukuambia kwamba nakumbuka. Nakumbuka mpaka lile gazeti.

Sasa nikuambie jinsi kweli ilivyotoka.

Mwalimu Générose wa Nyakabiga unamjua, yule aliyekushonea gauni la Ijumaa. Zamani alikuwa anakuja kununua mkaa kwetu. Wakati huo, vita vimegawa mitaa, watu wa Nyakabiga kufika Buyenzi haikuwa jambo dogo, lakini yeye alikuja, na kuja kukamfanya rafiki. Siku moja alinitazama sana, akagusa shingo yake mwenyewe. Alikuwa amewahi kuugua tezi ya shingo, ile inayotia mwili joto na mwendo, na alikuwa anameza vidonge kila siku.

"Hadija, huo uso nilikuwa nao. Na hiyo sauti. Tezi yako imelala."

Akanipeleka maabara ya mjini kwa pesa zake. Wakapima kitu kimoja tu cha hiyo tezi, jibu likaja: kawaida, hakuna ugonjwa. Baba yako akaisoma karatasi, akasema taratibu, "Unaona sasa?" Nilitaka kufa kwa aibu. Nikajua kweli mimi ni mvivu, na mwendawazimu kidogo.

Générose hakukubali. Alisema mashine zinakosea. Akanigawia vidonge vyake mwenyewe, kwa huruma kabisa. Siku za kwanza nilijisikia kama mtu amefungua dirisha. Halafu nikaanza kutapika. Siku ya tisa au ya kumi nilianguka hapa hapa uani, pembeni ya bomba, mdomo mkavu, mapigo ya moyo hayashikiki. Safari hii baba yako alichukua gari la mteja bila kuuliza, akaendesha mwenyewe mpaka hospitali.

Huko nikampata Docteur Consolate. Mwanamke mfupi, Mrundi wa Gitega, kiatu kimoja kimeshonwa kwa uzi mweupe. Aliniwekea maji na sindano. Nilipoanza kuona vizuri, alivuta kiti, akakaa, na akasema nami kwa Kiswahili. Cha kuokoteza, lakini kilikuwa changu na chake.

"Mama, mutoto wako wa mwisho ulimuzaa ukatoka damu nyingi?"

"Nyingi sana."

"Maziwa yalikuja?"

"Apana."

"Na siku za mwezi?"

"Hazikurudi mpaka leo."

Akafumba macho kidogo. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza maswali hayo matatu kwa kufuatana, katika lugha ninayoijua. Yangechukua dakika moja.

Akanieleza hivi, na nakuandikia kama alivyosema. Tezi ya shingo haifanyi kazi kwa kupenda kwake. Ina kapita, yaani msimamizi. Kapita huyo ni tezi nyingine, ndogo kama punje ya harage, imekaa chini ya ubongo, nyuma ya pua. Yeye ndiye anayetuma amri kwa damu: shingo, toa joto; matiti, toa maziwa; kizazi, fuata mwezi; na zile tezi mbili juu ya figo, mpe mtu nguvu ya kuvumilia pigo. Mwanamke akiwa na mimba kapita huyu ananenepa na anahitaji damu nyingi. Damu ikimwagika kupita kiasi na msaada ukachelewa, anakosa chakula, anakufa mwenyewe huku mwanamke anapona. Maziwa yasiyokuja ndiyo barua yake ya kwanza.

"Na ile maabara ilisema niko kawaida," nikamwambia.

"Walipima sauti ya kapita peke yake. Shingo ikiwa mugonjwa, kapita anapiga kelele sana kuiamsha, na hiyo kelele ndiyo wanapima. Kwako hawakusikia kelele, wakasema ni amani. Kumbe amekufa. Wangepima na kazi ya shingo yenyewe wangeona iko chini. Shingo yako haina kosa, mama. Inangoja amri tu."

"Na vidonge vya rafiki yangu?"

"Viliamsha shingo, na mwili ukaanza kukimbia. Lakini zile tezi za juu ya figo bado zililala. Ukakimbia bila nguvu. Inatakiwa kuanza na dawa ya hizo kwanza, siku chache, ndipo ya shingo. Rafiki yako alikupenda, lakini karibu akuue."

Baba yako alikuwa amesimama kando ya kitanda, upande wa miguu. Docteur Consolate akamgeukia, akamwambia kwa Kifaransa jina la tezi ile ndogo. Nikalisikia. Ipofizi.

"Hilo neno nalijua," nikasema. "Ni Kifaransa cha mawazo."

Akashangaa. "Nani alikuambia?"

Nilimtazama baba yako. Alitoka nje. Nilidhani hatarudi. Alirudi baada ya saa nzima, jasho limelowesha shati, na karatasi mkononi, imelowa mafuta ya gari kwenye pembe. Akampa daktari. Nadhani alitaraji ataisoma kimya. Docteur Consolate aliisoma mara moja, akaangalia tarehe, akavuta kiti karibu nami, akaisoma tena kwa sauti, akiigeuza kwa Kiswahili neno kwa neno. Yule mzee alikuwa ameandika yote. Damu nyingi wakati wa kuzaa. Kuchelewa sana kufikishwa hospitali. Hakuna maziwa, hakuna hedhi. Anadhani ni hiyo tezi. Apelekwe hospitali kubwa haraka, atahitaji dawa maisha yake yote, na huenda asizae tena.

"Barua hii ina miaka mitano," akasema. Hakupandisha sauti. Akatuacha wawili.

Nikamwuliza, "Ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijua wakati wa yule mtu wa nyota? Wakati mutoto anaondoka?"

"Nilijua."

Kisha akaketi sakafuni, mtu mzima, mgongo ukutani. "Gari lilikuwa na mafuta, Hadija. Siku ile. Lilikuwa na nusu tangi. Niliogopa. Yule mzee alipouliza kwa nini ulicheleweshwa, nilidanganya, na akaandika tu kwamba ulicheleweshwa. Nikaona nikikuambia ugonjwa, utauliza umetoka wapi. Na ukijua umetoka wapi, utajua ni mimi."

Binti yangu, woga wake wa siku ile simlaumu. Tulikuwa tumemzika yule dereva. Ningekuwa mimi nje na yeye ndani, sijui ningefanya nini, na sitajisifu. Gari nimemsamehe zamani. Karatasi sijamsamehe. Miaka mitano alinitazama nikivaa sweta, akasikia mama yake ananiita mvivu, akanyamaza. Akamruhusu tapeli achukue kosa lake amtwike mtoto wa miaka kumi, tena mtoto aliyebeba beseni wakati yeye amesimama nje. Halafu kila Ijumaa akakuletea mkate. Nimejiuliza mara nyingi ule mkate ulikuwa mapenzi au malipo. Sasa nadhani ulikuwa vyote viwili, na ndiyo maana haunitoki moyoni. Mtu mbaya tu ni rahisi kumwacha.

Damu yangu ilitumwa Ubelgiji na mtu aliyekuwa anasafiri, jibu likarudi kama Docteur Consolate alivyosema. Nikaanza vidonge, vya figo kwanza, vya shingo baadaye. Wiki ya tatu nilivua sweta. Mwezi wa pili nilisikia sauti ya mwanamke anamwita Yusufu, nikageuka kuona ni nani, kumbe ni mimi. Vidonge hivyo namezea uji kila asubuhi mpaka nife.

Siku niliyoweza kutembea mpaka kituo cha gari bila kukaa, nilipanda gari la Gatumba. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, unapanga sabuni kwenye meza ya shangazi yako. Nilikuita. Ulinitazama kama mteja. Ukasema, "Mama? Umekuwa mutu mwingine." Nikasema, "Nimekuja kukuchukua." Ukauliza, "Baba amekubali?" Swali hilo lilinichoma, na sikuwa na haki ya kuchomwa.

Usiku ule wa kurudi kwako baba yako aliniomba. "Usimwambie Aziza. Nimebaki na yeye peke yake anayeniheshimu." Nikakubali. Nilijiambia nakulinda. Kweli yenyewe ni kwamba nilifurahi kupata sababu, maana nikikuambia lake ingebidi nikuambie na langu, zile ndagala na yale maneno mawili. Yeye alificha karatasi miaka mitano. Mimi nimeificha minne. Usituone tofauti sana.

Ndiyo maana hatuzungumzi sana mimi na yeye, na ndiyo maana hukuwahi kuona ugomvi. Sijamwacha. Huenda nitabaki naye mpaka mwisho, huenda sitabaki. Kuna siku namwekea chakula na kukaa naye. Kuna siku nikisikia kikohozi chake mlangoni natoka kwa nyuma. Nikikuambia nimemsamehe nitakuwa nakudanganya siku moja kabla ya safari yako, na uongo umetosha katika nyumba hii.

Asubuhi nilipomwambia naandika, aliuliza, "Na ya mafuta utaandika?" Nikasema nitaandika yote. Akasema, "Andika." Akavaa viatu akaenda garaji, na leo hakuna kazi garaji.

Utazaa, inshallah. Ukizaa ukatoka damu kuliko ilivyo kawaida, usingoje ukarimu wa mtu, piga kelele wewe mwenyewe. Maziwa yakikataa kabisa na mwezi usirudi na baridi ikakushika, usiruhusu wapime shingo peke yake. Waambie habari ya damu, waambie wapime na ile tezi ya kichwani. Lakini si hilo ndilo ninalolia nalo kwenye karatasi hii. Watu wakikuzungumza mbele yako kwa lugha usiyoijua, inuka kwenye kiti uwazuie. Mshike daktari mkono, muulize yeye, hata kwa ishara. Mimi nilikaa kwa adabu. Adabu ile ilinigharimu miaka mitano na ikakugharimu wewe shule na mama.

Radhi nakupa zote, hazina sharti. Msamaha siuombi kwa barua, maana anayeuomba anapaswa kukaa mbele yako, mahali unapoweza kumkatalia.

Na hii sitaificha ndani ya sanduku lako uikute Kigoma ukiwa peke yako. Kesho asubuhi, kabla hujavaa viatu, nitakupa mkononi, usome umekaa mkekani, mimi niko upande mmoja na baba yako upande wa pili. Soma polepole. Penye mwandiko mbaya uliza. Ukimaliza unaweza kutukumbatia wote, au mmoja, au usimguse yeyote ukatoka uende kwa mume wako. Hakuna atakayekushika. Lakini tutakuwa tumekaa mbele yako, na safari hii hakuna mtu wa kukutafsiria.

Mama yako,
Hadija